MJADALA: Justice League ya Snyder ni 4:3. Anayeiedit aikate ijae TV au aiache?

Fundi Fremu: Wakuu, ile muvi ya Justice League ya mwongozaji Zack Snyder ya Machi 2021 ni 4:3, yaani picha karibu mraba, kwa hiyo kwenye TV za sasa ina meusi kulia na kushoto, wakati ile iliyotoka sinema 2017 ilikuwa pana. Sasa kuna edit za mashabiki wameikropu, yaani wameikata juu na chini, iwe 16:9 ijae TV za sasa, na watu wanazisifia. Mi napinga. Pigeni hesabu, kutoka 4:3 kwenda 16:9 unatupa robo ya picha muvi nzima, saa nne hizo, na anayetaka upana zaidi, ule wa 2.39:1 wa muvi pana za sinema, anatupa zaidi ya asilimia 40. Mnasemaje?

Kaka_Buza: Robo yenyewe anga na sakafu tu mkuu. TV yangu nimeilipia yote, sijalipia katikati peke yake. Wanaopenda mraba warudi kwenye chogo zao, zile TV za zamani zenye mgongo.

BintiMakorora: Chogo zao?? Kuna nyumba mpaka leo hiyo chogo ndo TV ya familia na wanaishi vizuri tu. Nyie wenye flat ndo wa kwanza kuvuta picha, unaingia sebuleni kwa mtu sura zote zimetanuka na mwenye nyumba haoni shida kwa vile skrini imejaa.

Kaka_Buza: Dada nani kataja familia yako? Na kuvuta sio kukropu, ukikropu sura inabaki sura.

MzeeWaDeki: Punguzeni hasira vijana. Terminator 2 sinema ilikuwa pana, ila ilipigwa kwenye filamu yenye nafasi juu na chini, kwa hiyo kwenye kanda za VHS walifungua juu na chini ikajaa chogo, ukaona zaidi ya walioona sinema. Ila shoti za kompyuta zilitengenezwa kwa upana wa sinema, hizo ikabidi wakate pembeni. Kila toleo kuna mtu amelikata. Mimi ninachodai ni edita apite shoti moja moja, kichwa kikiliwa asogeze fremu juu, sio aweke kropu moja katikati halafu akalale.

Fundi Fremu: Sawa mzee lakini nani anafanya hiyo kazi? Disney+ wenyewe 2019 waliweka katuni za The Simpsons za zamani zimekatwa, ule utani wa bia za Duff, Duff Lite na Duff Dry zote kutoka bomba moja ukapotea maana bomba lilikuwa juu, limekatwa! Kampuni yenye hela zote zile, mpaka mashabiki wakapiga kelele ndo 2020 wakarudisha 4:3. Sasa kijana na laptop yake atapita shoti za saa nne?

Tusker_wa_Moyo: Mnalilia robo ya picha wakati wote mmekulia kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video, Lufufu yule mtafsiri wa muvi anaongea juu ya sauti ya mwigizaji. Ile nayo si edit? Mbona hakuna aliyesema ameharibu?

MzeeWaDeki: Kijana, Lufufu usimguse. Yule aliwafungulia muvi watu wasiojua Kiingereza wala Kichina, bibi yangu alijua kisa chote mwanzo mwisho. Aliongeza, hakupunguza. Kumweka kundi moja na watu wa kropu ni kumkosea heshima.

Tusker_wa_Moyo: Aliongeza wakati dayalogi umeifunika? Hao waigizaji hawakuwa na sauti?

BintiMakorora: Hapo niko na mzee. Wanaoharibu ni wanaochukua kazi za watafsiri wakaziweka YouTube wamezizuum na kuzigeuza kushoto kulia ili wasikamatwe kwa hakimiliki, kopi nyingine hata midomo huioni.

Kaka_Buza: Hata mimi kwa Lufufu niko na mzee. Tusker umekosea sana. Utoto wetu wengi bila yule mzee tungekuwa tunaangalia watu wanapigana tu hatujui wanagombea nini, na nani alikuwa na hela ya kwenda sinema ya mjini?

Tusker_wa_Moyo: Sijasema alikuwa mbaya, soma tena. Nimesema naye aligusa kazi ya mtu, na nyie mnachagua wa kumsamehe.