Kwa nini The Richard Pryor Show iliishia sehemu nne tu?

Mpenda Vichekesho
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kuhusu kipindi cha mchekeshaji Richard Pryor kilichorushwa na kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani mwaka 1977. Zilitengenezwa sehemu nne tu, na kila ninaposoma habari zake nakuta lawama zote wametupiwa wakaguzi wa kituo. Linalonitatiza ni kwamba wakati huo Pryor alikuwa katika kilele cha umaarufu: santuri zake zilikuwa zimeshinda tuzo za Grammy, alikuwa ametamba katika filamu ya Silver Streak, na mwezi Mei mwaka huohuo NBC ilikuwa imemtengea kipindi maalumu. Je, kilichokiua kipindi ni udhibiti, au watazamaji hawakukitaka?

Mtazamaji wa Zamani
Udhibiti ulikuwepo, ndugu yangu, lakini mimi ningeanza na saa. Kipindi kiliwekwa Jumanne saa mbili usiku, muda ambao tangu mwaka 1975 vituo vikubwa vya Marekani vilikuwa vimeutenga kwa ajili ya familia nzima, watoto wakiwemo, ilhali Pryor alijijengea jina kwa kusimulia maisha ya walevi, makahaba na mitaa ya mji wa Peoria alikokulia, tena bila kuchuja maneno. Isitoshe, saa hiyohiyo kituo pinzani cha ABC kilikuwa kikirusha Happy Days na kufuatiwa na Laverne & Shirley, vipindi viwili vilivyoongoza kwa watazamaji nchini kote katika msimu uliotangulia. Wakuu wa NBC hawawezi kudai kwamba hawakumjua mtu wao: Desemba 1975 alipoongoza Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha usiku wa manane kinachorushwa moja kwa moja, kituo hichohicho kilichelewesha matangazo kwa sekunde chache kwa kuuhofia ulimi wake. Usiku wa manane walimwogopa, kisha wakamweka saa ya chakula cha jioni.

Mwanafunzi wa Tamthilia
Nakubaliana na hoja ya saa, ila inaacha pembeni kilichokuwamo ndani ya kipindi chenyewe. Kiongozi wa waandishi alikuwa Paul Mooney, na miongoni mwa waigizaji walikuwamo Robin Williams, Sandra Bernhard, Marsha Warfield na Tim Reid, ambao wengi wao walikuwa bado hawajajulikana. Katika kipande kimoja Pryor ni rais wa 40 wa Marekani, Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo, akijibu maswali ya waandishi wa habari. Anaanza kwa utulivu na lugha ya kiserikali, halafu kila swali linapozidi kugusa masuala ya rangi anazidi kulegeza tai ya maneno yake, hadi mwandishi mmoja anapomgusia mama yake na mkutano mzima unageuka kuwa ugomvi. Carter, rais wa 39, ndiye aliyekuwa Ikulu wakati huo, kwa hiyo mzaha ulihusu uchaguzi ambao ungefuata mara moja.

Kipande kinachonivutia zaidi, hata hivyo, hakina kicheko mwishoni. Pryor anaigiza mlevi anayerudi nyumbani na kuanguka usingizini, kisha mwandishi na mshairi Maya Angelou, akiigiza mke wake, anazungumza peke yake kwa muda mrefu kuhusu mwanamume huyo na kilichomvunja. Mtu aliyewasha televisheni ili acheke na watoto wake angefanya nini na dakika hizo?

Mpenda Vichekesho
Nashukuru kwa maelezo. Je, tuseme basi kwamba Pryor mwenyewe hana sehemu yoyote katika kilichotokea?

Mtazamaji wa Zamani
Anayo, na si ndogo. Mchekeshaji wa jukwaani huchukua wiki nyingi kukipika kichekesho kimoja mbele ya hadhira za klabu, akikata hapa na kuongeza pale, lakini televisheni ya kila wiki hudai saa nzima mpya bila kujali kama imeiva. Vilevile aliingia akiwa tayari kwa vita. Katika ufunguzi wa sehemu ya kwanza anatangaza kwamba hajapoteza chochote kwa kukubali kufanya kazi na kituo kikubwa, kamera inarudi nyuma, na anaonekana kama mtu aliye uchi ambaye sehemu zake za siri zimeondolewa. NBC ilikikata kipande hicho kabla ya kukirusha. Binafsi naona walikata mzaha uliowahusu wao kuliko uliowahusu watazamaji, na kwa kufanya hivyo wakamthibitishia maneno yake.

Mwanafunzi wa Tamthilia
Ningependa kuongeza kwamba mbegu ile haikupotea. Chappelle's Show, kipindi cha mchekeshaji Dave Chappelle, kilipoanza mwaka 2003, Mooney alikuwamo pia, safari hii kwenye kituo cha kebo, usiku, mahali ambapo hakuna aliyetarajia kuwaona watoto. Chappelle naye aliondoka mwaka 2005, msimu wa tatu ukiwa bado unatengenezwa, ingawa saa ya kipindi chake ilikuwa nzuri na watazamaji walikuwa wengi.

Mpenda Vichekesho
Hapo ndipo hoja ya saa inapoanza kuniyumbia kidogo, Mtazamaji.