Binti kapewa fidla: nimtangulizie rikodi zipi za taarab asilia?

Seremala wa Kikwajuni

Assalam alaykum wapenzi wa taarab asilia.

Binti yangu ana miaka 12. Mwezi uliopita kaanza kujifunza fidla, na chuo kimemwazima moja aje nayo nyumbani. Mimi kazi yangu mbao, kwa hiyo usiku ule alipolala niliichukua nikaichungulia kwa tochi ya simu kupitia yale matundu mawili ya usoni. Ndani kuna kijiti kimesimama wima kati ya uso na mgongo. Hakina gundi wala msumari, kimeshikwa na mbano wa nyuzi tu. Tangu siku ile nnaiheshimu fidla kwa namna nyengine.

Suala langu ni hili. Marehemu baba kaniachia sanduku la chai lenye kaseti 43 na santuri 4, zile nzito za kuvunjika. Hakuwa mpigaji, alikuwa karani. Lakini kila usiku wa taarab redioni alikaa mbele ya redio ya mbao, kinasa sauti kakiweka mbele ya spika, na sisi watoto tumeshaonywa tusikohoe. Majina kayaandika kwa hati za Kiarabu, wino wa buluu, mengi yamefifia. Ninayoweza kuyasoma ni machache: "Bakari Abeid". "Idi, Rahaleo". Na moja ninayoipenda kwa jina lake tu: "Bashraf, Rasti, usiku wa mvua".

Nadhani nimeanza vibaya. Nilimuwekea binti Bi Kidude, kwa sababu ndiye anayenisimamisha nywele mimi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Baba, fidla iko wapi hapo?" Sikuwa na jibu la kumpa. Miaka yote hii nnasikiliza taarab, masikio yangu yanakwenda kwa mwimbaji moja kwa moja, na wale waliokaa nyuma yake sijapata kuwasikiliza hata siku moja kwa makusudi.

Nyinyi mngempa mtoto wa fidla rikodi gani kwanza, na ya mpigaji gani? Sihitaji orodha ndefu. Nataka ile ambayo wewe mwenyewe hujaichoka.

Bi Mkubwa wa Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Kwa Bi Kidude hukukosea, lakini mpe mtoto nasaba yake kwanza. Bi Kidude mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad. Basi anza kwa Siti.

Kazaliwa Fumba, mtoto wa watu wa chini, kazi yake ya mwanzo vyungu. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay pamoja na wenzake, Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban, wakaingia kwenye mashine za HMV, kampuni ya santuri. Kabla yake hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyetolewa kwenye santuri za kuuzwa.

Mimi nimezikuta santuri hizo kwa mjomba wangu hapa Wete. Mwaka mmoja karafuu zilikubali, akanunua gramafoni ya kuzungusha mkono. Kila upande ukimalizika, sindano hubadilishwa, na kazi ya kumpa sindano ilikuwa yangu. Nilikuwa nazishika kwenye kiganja, baridi, ndogo kama mwiba wa changu. Upande mmoja dakika tatu hivi na umekwisha. Kwa hiyo mwambie binti asishangae akisikia Siti anaingia bila ya utangulizi mrefu: alikuwa anagombana na nafasi ya santuri. Nyimbo hizo hizo harusini zilikwenda mpaka alfajiri.

Nnayo moja bado, mzima. Siichezi, lakini nnayo.

Selo wa Malindi

Shikamoo ami Seremala, shikamoo Bi Mkubwa.

Kwa heshima zote, mimi nisingeanza kwa Siti kwa mtoto wa fidla. Si kwa sababu hafai, maana hakuna anayefaa kuliko yeye. Ila zile dakika tatu Bi Mkubwa kazisema mwenyewe: vyombo vimebanwa. Mtoto anayetafuta fidla yake anataka pahala ambapo fidla imepewa nafasi ya kusema.

Nilijifunza selo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, DCMA, chuo cha muziki hapa Unguja, na mwalimu wangu wa kwanza hakuniruhusu kusikiliza wimbo wowote wenye mwimbaji kwa mwezi mzima. Bashraf tu. Ami, ile kaseti ya baba yako ya "usiku wa mvua" ndiyo jibu la suala lako na umelikalia. Bashraf ni muziki wa vyombo vitupu, hupigwa kabla mwimbaji hajainuka. Ina vipande vinavyoitwa khana, kwa kawaida vinne, na baada ya kila kimoja hurudi taslimu ile ile, yaani kiitikio chake. Mtoto akishaitambua taslimu, tayari ana pa kushika. Na katika Rasti, ndiyo maqamu ya bashraf hiyo, yaani mpangilio wa sauti zake, atakutana na sauti ambazo hazipo kwenye piano, zile za katikati, ambazo fidla inazipata kwa sababu shingo yake haina vizuizi. Hapo kidole chake kitafundishwa na sikio lake.

Ukitaka rikodi iliyo safi zaidi ya kaseti, Ikhwani Safaa wana mkusanyiko wa kuadhimisha miaka 100 yao, 1905 mpaka 2005, ndio wa kwanza katika mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa. Culture Musical Club nao, waliozaliwa 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, mtafutie rikodi zao za bashraf. Amsikilize Rajab Suleiman kwenye ganuni. Nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu kwa sauti moja, na bado unasikia kila ncha ya kidole.

Nikiulizwa mpiga fidla mmoja tu, nitamtaja Ahmed al-Hifnawi, aliyeongoza fidla nyuma ya Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri. Wazee wetu walikuwa wakizisubiri zile Alkhamisi za kwanza za mwezi kutoka Redio ya Cairo, na kila mtu anakumbuka sauti ya bibi. Chukua "Enta Omri", ule wimbo wa 1964, wa kwanza Mohamed Abdel Wahab kumtungia, ambao hata gitaa la umeme limo. Utangulizi unakwenda dakika kadhaa kabla Umm Kulthum hajafungua kinywa. Mwambie binti asikilize utangulizi tu, azime, arudie. Anavyoteleza Hifnawi kutoka sauti moja kwenda nyengine, mimi nimejaribu kuiga kwenye selo miaka minne na sijaridhika.

Ila awe na habari: Wamisri wengi hufunga nyuzi sol, re, sol, re. Ya kwake bila shaka imefungwa kizungu, sol, re, la, mi. Asije akadhani kidole chake kibovu.

Naongeza moja ya mbali. Pablo Casals, Mkatalani, alikuta kitabu cha vipande sita vya selo vya Bach katika duka la vitu vya mitumba Barcelona, akiwa na miaka 13. Alifanya mazoezi miaka mingi, mpaka baina ya 1936 na 1939 ndipo akavirikodi vyote, London na Paris. Santuri zake ni za HMV, chapa ile ile ya mbwa anayesikiliza gramafoni ambayo Siti alirikodi. Nikisikiliza huwa nasikia pumzi zake na vidole vikigonga ubao. Selo ile ina mtu ndani yake. Binti akikua kidogo, mpe.

Fundi Redio, Mwembetanga

Vijana, kabla hamjamaliza kugawana nyimbo, hizo kaseti zimechunguzwa? Seremala, usiitie kaseti yoyote kwenye deki mpaka uiangalie kwenye mwanga. Ukiona vumbi jeupe pembeni ya utepe, hilo ni ukungu, na ukungu wa kaseti moja huhamia kwenye zote kupitia kichwa cha deki. Angalia pia kile kipande cha sufi kinachousukuma utepe kwenye kichwa. Kwenye kaseti za umri huo gundi imeshakauka na kipande kimeanguka, ndipo watu wanaposema "sauti imekufa". Haijafa. Hamishia utepe kwenye ganda jengine lililo zima.

Kichwa cha deki kisafishe kwa pamba na spiriti. Lakini spiriti hiyo hiyo usiiguse kwenye santuri! Nimeona mtu kaharibu santuri tano mchana mmoja kwa kutaka zing'are. Wewe seremala utanielewa upesi: zile zimetengenezwa kwa shelaki, kitu kile kile mnachokiyeyusha kwa spiriti mkapaka makabati. Maji kidogo, sabuni laini, kitambaa, basi. Wala usizichezee kwenye mashine ya sahani za kawaida kwa sindano yake. Mfereji wa santuri ya zamani ni mpana karibu mara tatu, sindano ndogo itakwaruza chini tu.

Ukirikodi kwenye kompyuta hifadhi WAV. MP3 utatengeneza baadaye za kuwapelekea watu.

Seremala wa Kikwajuni

Nyote nashukuru kwa moyo wote. Nimefanya kama alivyosema Fundi, siku mbili nzima na kijiti cha pamba mkononi. Kaseti 6 zina ukungu, nimezitenga. "Usiku wa mvua" ilikuwa imeangusha sufi, nikaihamishia kwenye ganda la kaseti ya mawaidha iliyokatika.

Jana baada ya isha tumeicheza. Inaanza mvua kwenye mabati, kabla ya chombo chochote. Halafu baba anasafisha koo mara moja, karibu sana na kinasa, nami nikajikuta nimenyoosha mgongo kama mtoto. Halafu ganuni. Na nyuma ya ganuni, mbali, kuna kitu kinakwaruza, kru, kru, kru, kikinyamaza na kuanza tena. Binti akasema ni utepe mbovu. Mama yangu alikuwa kwenye mkeka anapanga dawa zake, akainua kichwa: "Utepe gani? Hiyo mbuzi. Nnakuna nazi ya mkate wa kumimina. Huo usiku wa kuamkia Idi." Hakuwa na haja ya kufikiri. Kisha akarudi kwenye dawa zake.

Selo wa Malindi, mwanangu, binti kaitambua taslimu mara ya pili iliporudi. Ya tatu aliinyooshea kidole kabla haijafika. Na mwisho wa khana ya tatu ganuni inauliza kitu kifupi, fidla moja inachelewa kidogo, inajibu. Hapo akaniambia nirudishe. Tumeirudisha mara nisizozihesabu, mpaka kijana wa jirani akagonga ukuta.

Lakini pana tatizo. Akichukua fidla yake ajibu na yeye, hazikutani. Anasema: "Kaseti iko juu, baba." Mimi sisikii tofauti. Hivi inawezekana, au nyuzi zake ndizo zilizolegea?

Fundi Redio, Mwembetanga

Muamini mtoto. Deki yako inakimbia. Au kinasa cha marehemu kilikuwa kinakwenda taratibu usiku ule, na matokeo ni yale yale.

Fungua mfuniko wa nyuma. Mota ina kitundu kidogo mgongoni, na ndani yake skrubu. Bisibisi nyembamba kabisa, ya plastiki ukiipata. Kuizungusha upande mmoja mwendo huongezeka, wa pili hupungua, robo ya ukucha kwa ukucha.

Utajuaje umefika? Tafuta katika kaseti za baba yako kama alinasa ile milio sita ya saa ya BBC kabla ya habari. Wengi walikuwa wanaacha kinasa kikienda. Milio ile ina mitetemo 1,000 kamili kwa sekunde. Weka programu ya kupimia sauti kwenye simu, urekebishe mota mpaka isome 1,000. Kama kinasa ni kile kile na deki ni ile ile, bashraf yako nayo itakaa karibu sana na mahali pake.

Bi Mkubwa wa Wete

Huyo mama ndiye aliyenikuna mimi. Mpelekee salamu zangu.

Seremala wa Kikwajuni

Salamu zimefika, Bi Mkubwa, na zako zimerudishwa mara mbili.

Milio nimeipata kwenye kaseti ya 17, mwisho wa upande wa pili, imenaswa vizuri mpaka ule wa sita ulio mrefu. Simu ikasoma 1,031. Fundi, nimeikaribia ile skrubu kama ninavyokaribia bawaba ya mlango wa msikiti, pumzi nimeishikilia. Nikaishusha mpaka 1,000, nikaicheza milio mara tatu kuhakikisha.

Leo asubuhi, kabla ya skuli, binti kavuta uzi wa re mtupu juu ya taslimu. Akatulia. Akauvuta tena kwa upinde wote, toka shina mpaka ncha, kisha akasema "sasa ipo," akaenda kutafuta viatu vyake.

Jumamosi tunampelekea mwalimu wake aisikie. Selo wa Malindi, kama utakuwa mjini, njoo na selo. Lile jibu la fidla mwisho wa khana ya tatu analo tayari, lakini bado hana mtu wa kumuuliza.