Naomba ushauri: kumlinda shahidi bila kuwanyima watuhumiwa haki ya kujibu

Wakuu, hapa Moshi tunaandaa kipindi cha redio kuhusu wajane wanaonyang'anywa vihamba (mashamba ya ukoo ya Wachagga). Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kutafuta na kutoa habari, lakini ya 16 inalinda faragha ya mjane anayetoa ushahidi kwenye kipindi, na shemeji zake anaowatuhumu wanaishi ng'ambo ya ua tu.

Kubadilisha sauti kwa programu hakutoshi: majirani humtambua mtu kwa lafudhi na anavyovuta maneno. Kwa hiyo msomaji mwingine atasoma maneno yake, na wasikilizaji wataambiwa hivyo. Kwenye picha tunaziba uso kwa weusi mzito, si ukungu, tunafuta taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili, na mlango wala kanga yake havionekani.

Tumekwama hapa: maadili yanadai mashemeji waulizwe kabla ya kurusha. Ukiwauliza tu, wameshajua nani kasema! Mliowahi kuripoti mirathi, mnawafikiaje? Mnaanzia kwenye kumbukumbu za mahakama, au mnaiacha familia bila kuitaja kabisa? Na ridhaa yake tuiandikeje ili aweze kuiondoa hata siku ya kurusha?