Naenda Ulaya mara ya kwanza Septemba, nataka kuona sanaa na maisha ya kijijini, nianzie wapi?

Fundi wa Sinza:
Habari za jioni wadau, naomba mawazo yenu maana niko njia panda. Mdogo wangu wa kike ameolewa anaishi Milano na mumewe, miaka minne sasa ananiita niende nikamtembelee, na mwaka huu nimesema liwalo na liwe, naenda Septemba, siku 16. Malazi nitakuwa kwake kwa hiyo hapo nimepumua, ila sijui hizo siku nizitumie vipi.

Mimi ni mshonaji, nina ofisi yangu ndogo Sinza, kitambaa na rangi ndo maisha yangu. Kila ninayemuuliza hapa mjini ananipa orodha ileile, Paris kwenye mnara, Roma, Venice kupanda mtumbwi, piga picha, rudi. Shemeji yangu alizunguka nchi sita kwa siku kumi, nilipomuuliza kitu gani kimemkaa moyoni akaanza kufungua simu atafute picha. Mi sitaki hivyo. Nataka nione michoro ya hao wachoraji wakubwa kwa macho yangu na nataka nione watu wa vijijini kwao wanaishi vipi, wanafuga vipi, wanasherehekea nini. Tatizo sanaa sijaisomea, naogopa nitasimama mbele ya mchoro nisielewe chochote. Na hizo mila za mashambani bado zipo kule au zimeshaisha? Bajeti ya kawaida tu. Nawasilisha.

Kaka wa Upanga:
Dada yangu kama kituo chako ni Milano wala usihangaike na Paris. Mimi nimeishi Padova miaka miwili kwa masomo, watu wanapanda treni ya Venice wanapita Padova wamelala. Wewe shuka hapo. Kuna kanisa dogo linaitwa Scrovegni, kwa nje ni tofali tupu, unaweza ukapita usigeuze hata shingo, ila ndani kuta zote kachora Giotto, mchoraji mkubwa wa zamani wa Italia, kazi ikaisha kama mwaka 1305, na dari lote ni bluu lina nyota za dhahabu. Lazima ubuku kwa intaneti mapema. Ukifika wanawakalisha kikundi robo saa kwenye chumba chenye kiyoyozi ili unyevu mlioingia nao upungue usiharibu kuta, afu mlango unafunguliwa, mnapewa robo saa nyingine ndani, mnatolewa. Mara ya kwanza niliondoka nimekereka maana nilitaka kuona kila kitu nikajikuta sijaona kitu. Mara ya pili niliamua kabisa nitaangalia picha moja tu.

Tafuta ile ambayo Yesu ameshushwa msalabani amelazwa chini. Mama yake amemshika shingoni kamsogelea uso kwa uso, mwanamke mwingine kashika miguu, kuna mmoja kasimama katupa mikono yote nyuma, na malaika huko juu wanalia wanajikunja hewani kama ndege waliopigwa. Lakini wewe angalia mbele kabisa, wapo watu wawili wamekaa chini wametupa mgongo, sura zao huzioni, mashuka yamewafunika mpaka kichwani. Aisee nilisimama pale nikauona msiba wa bibi yangu Tanga, akina mama kwenye mkeka wamejifunika khanga, unaona migongo tu na mgongo peke yake unakuambia yote. Hakuna mtu aliyenifafanulia na sikuhitaji. Wewe unayeshona ndo utaona zaidi yangu, maana zile nguo zinavyoangukia mgongoni utajua kabisa chini yake kuna mtu amechoka kulia.

Kingine, treni za mikoani bei yake ni ya kawaida, ila ukikata tiketi ya karatasi ipige muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla hujapanda. Usipofanya hivyo faini inauma.

Rangi za Oysterbay:
Mimi ni mchoraji, nachora tingatinga pale Oysterbay mwaka wa 19 huu. Naongezea kwa kaka hapo juu kitu ambacho mtu wa kazi za mikono atakipenda. Giotto alichora kwenye chokaa mbichi. Fundi anapaka chokaa kipande kinachotosha kazi ya siku hiyo tu, mchoraji anapiga rangi kabla haijakauka, ikikauka rangi inakuwa imeshikana na ukuta ni kitu kimoja. Ukikosea unakwangua unaanza upya. Ukiangalia kwa makini utaona mipaka ya siku moja na nyingine, kama mishono. Ila bluu ile haikukubali chokaa mbichi ikabidi ipakwe juu ya ukuta mkavu, ndo maana kuna nguo zilikuwa za bluu leo zimebanduka.

Sasa hapohapo Milano, kwenye jengo la kanisa la Santa Maria delle Grazie, kuna Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, ya miaka ya 1495 mpaka 1498. Leonardo alikuwa mtu wa kurudia rudia, hakutaka kukimbizwa na chokaa, akachora ukuta mkavu. Ikaanza kuharibika yeye mwenyewe akiwa hai. Kwa hiyo ukiona zote mbili safari moja, ya Giotto imetangulia karibu miaka 200 na imesimama vizuri kuliko ya Leonardo, utajifunza kitu kuhusu ufundi ambacho hakuna darasa litakufundisha. Hiyo ya Milano nayo ni robo saa na tiketi zinaisha haraka sana, mwambie mdogo wako aanze kuzivizia mapema.

Mtu wa Kibaha:
Dada safari njema, ila nina neno moja na naomba ulipokee kwa nia njema. Umeshafika Kijiji cha Makumbusho hapo Kijitonyama, kutoka Sinza ni jirani tu? Nyumba za makabila yetu zipo pale, ngoma zinachezwa. Sikukatazi kwenda, ila mwenyeji wa kijiji cha Italia akikuuliza kwenu mnajenga vipi, mnalima vipi, uwe na jibu. Mimi niliulizwa hivyo Ujerumani na bibi mmoja mfuga nyuki, alitaka kujua babu zangu walitengeneza mzinga kwa mti gani, nikakosa la kusema, na mzee wangu alikuwa mrina asali wa Tabora kabisa. Nilivyorudi kitu cha kwanza nilimpigia simu mzee.

Ng'wana Shinyanga:
Nashukuru kwa huu uzi, umenigusa. Mimi nilipelekwa Uswisi kozi ya maziwa, miezi mitatu, upande wa Gruyères. Mila za mashambani ZIPO, tena Septemba ndo wakati wake.

Iko hivi. Kuanzia Mei au Juni wanapandisha ng'ombe milimani kufuata majani, familia zinahamia huko kwenye vibanda, wanakamua na kutengeneza jibini hukohuko. Baridi ikianza kurudi, Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba, wanawashusha, na siku ya kushuka ni sikukuu. Ng'ombe wamevalishwa maua vichwani, kengele kubwa shingoni, wafugaji wamevaa vikoti vya mikono mifupi vilivyotariziwa, watoto wanatembea na ndama. Kijiji kinaitwa Charmey wanafanya mwisho mwisho wa Septemba, angalia tarehe ya mwaka huu kabla hujapanga. Hawaigizi. Ng'ombe ni wa mtu, kweli wanarudi nyumbani.

Kule mlimani nilikaa siku nne kwa mzee mmoja. Anaamka usiku, sufuria la shaba kubwa kama pipa linaning'inia juu ya moto wa kuni. Maziwa yakishaganda anakatakata, anachota kwa kiganja anaminya, anafungua kidole kimoja kimoja aone kama chembe zinashikana, anatikisa kichwa, bado. Anaminya tena. Hana kipimo, ni kiganja tu. Ikifika anachukua kitambaa, pembe mbili anaziuma kwa meno, upande wa pili ameuzungushia fito ya chuma, anainama kichwa kinaingia kwenye mvuke wa sufuria, anapitisha ile fito chini chini anaibuka na mzigo wote. Meno! Jibini moja ya Gruyère ni kama kilo 35, inakula maziwa lita 400 hivi. Jioni anatoka mlangoni anawaita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, wanageuka. Babu yangu kule Shinyanga alikuwa na majina ya ng'ombe wake wote na nilikuwa najua ni mambo ya kwetu peke yetu. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe muda mrefu.

Kama huwezi kufika mlimani basi pale Pringy, karibu kabisa na stesheni ya Gruyères, kuna kiwanda kidogo cha jibini unaangalia wanavyotengeneza. Na ukitembea vijiji vile inua macho juu ya milango ya mazizi. Utaona mbao ndefu zimechorwa ng'ombe wamepanga mstari wanapanda mlima, mmoja mmoja na madoa yake. Wanaita poya, kwa lugha yao ya kienyeji maana yake ndo huko kupanda mlimani. Zilianza miaka ya 1800, makumbusho ya Bulle, mji wa jirani hapo, wanazo nyingi.

Kitu cha adabu, ukiingia duka la kijijini salimia kwanza kwa sauti, ni kama hodi yetu. Ukianza tu kushikashika vitu bila salamu wanakuona mtu wa ajabu.

Rangi za Oysterbay:
Ng'wana Shinyanga hizo mbao umenifanya nizitafute kwenye simu sasa hivi. Marehemu mzee Edward Saidi Tingatinga alianza hapahapa Oysterbay kwa kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi na rangi za kawaida za madukani, na hao wafugaji nao wamechora ng'ombe wao kwenye ubao wakatundika mlangoni. Madoa ya kila ng'ombe tofauti, mwenye mali amtambue. Dada ukizipata naomba unipigie picha za karibu, nataka nione mkono wa mchoraji ulivyokwenda.

Mama Viza:
Mambo yote mazuri ila viza kwanza jamani. Uswisi haipo kwenye Umoja wa Ulaya lakini ipo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza moja inakutosha nchi zote mbili. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi, kwako ni Italia. Mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, maombi unaruhusiwa kupeleka miezi 6 kabla na mwisho ni siku 15 kabla, ila usingoje hizo 15 maana miadi inajaa. Barua ya mwaliko ya mdogo wako, taarifa ya benki na ratiba vyote viseme kitu kimoja. Mimi ubalozi mmoja ulininyima mara ya kwanza, ratiba ilisema siku 14 na hoteli nimebuku siku 9 tu. Nililia, nikaomba upya na karatasi zimekaa sawa nikapata.

Fundi wa Sinza:
Jamani nimesoma huu uzi mara tatu, mmenipa kitu ambacho sikukipata kwa mtu yeyote. Paris nimeitoa. Mtu wa Kibaha nimekuelewa, Kijiji cha Makumbusho nilienda nikiwa darasa la tano, Jumapili hii naenda tena na wanangu. Mpango umekuwa hivi: Milano kwa mdogo wangu, Padova siku mbili, halafu treni ya Milano inayovuka kwenda Uswisi, siku nne huko kwenye ng'ombe, narudi Milano. Pesa za Uswisi zinanitisha ila nitabeba chakula. Ng'wana Shinyanga, siku yenyewe ya kushuka nikae wapi ili nione vizuri? Sitaki kuona migongo ya watu.

Ng'wana Shinyanga:
Faranga zao ni ghali kweli, beba chakula, mkate na jibini ya dukani vinatosha mchana. Mabasi ya asubuhi kutoka Bulle kwenda Charmey siku hiyo yanajaa, chukua la mapema kabisa. Usisimame katikati ya kijiji. Tembea kwa mguu kurudi juu kule barabara inakotokea mlimani, mita mia nne au tano, tafuta kona yenye uzio wa mbao uegemee. Vaa sweta, asubuhi kuna ukungu na majani yana maji. Hutaona kitu mwanzoni. Utasikia kengele, kwanza kwa mbali kama mtu anaosha sufuria bondeni, halafu zinakuja zinajaa mpaka uzio wenyewe unatetemeka mkononi, na hapo ndo yule wa mbele anatokea kwenye kona na maua yake.