Chumba cha bati tupu, nako mbili na baridi ya Julai: tupashe joto vipi bila kumaliza umeme wa LUKU?

MamaNeema_Ngaramtoni

Habari za jioni wadau. Tunakaa Ngaramtoni, Arusha, vyumba viwili vya kupanga. Ukuta ni wa bloku, umepigwa plasta ndani tu, juu ni bati bila dari. Madirisha ni mawili ya nako (vioo vya kulala vinavyopangana), moja linatazama Mlima Meru, kaskazini-mashariki, lingine linatazama magharibi. Mlango wa mbao una mwanya chini unaopitisha kidole. Ndani tuna mtoto wa miezi 5 na mama mkwe wa miaka 71 mwenye sukari. Kipimajoto cha chumbani alfajiri kinasoma nyuzi 13 au 14. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, tunachangia wapangaji watatu.

Nina kama 120,000 ya kazi hii, na mwenye nyumba amekubali chochote kitakachoweza kuondolewa tukihama. Ninunue hita ya umeme? Majirani wananiambia niingize jiko la mkaa nusu saa kabla ya kulala kisha nilitoe, kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umeisha hauna madhara. Ni kweli?

FundiDari_Sakina

Habari nzuri mama. La mkaa jibu ni hapana, na wauguzi waliomo humu watalieleza vizuri zaidi. Hita nayo usinunue sasa. Kwa chumba kama hicho utakuwa unapasha joto anga la Ngaramtoni: hewa ya moto hupanda, inakutana na bati, inatokea kwenye mawimbi ya bati juu ya ukuta. Hela yako ianze juu, ifuate mianya, kingine baadaye.

Bati usiku wa anga lisilo na mawingu hupoa kuliko hata hewa ya nje. Ndiyo maana alfajiri unakuta umande umelala upande wake wa chini, na wakati mwingine unadondokea kitanda. Dari la jipsamu ndilo dawa kamili. Bodi moja ni mita 1.2 kwa 2.4, chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinakula 4 na ununue 5 kwa ajili ya vipande, ukiongeza mbao za 2 kwa 2 na ufundi. Lakini hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, na bajeti yako haifiki. Kwa mpangaji kuna dari la sandarusi, yaani la magunia ya plastiki yaliyofumwa.

Tafuta magunia ya sandarusi yaliyobeba mahindi au sukari, ya mbolea na dawa usiyaguse. Gunia la kilo 100 ukilipasua linakupa zaidi kidogo ya mita moja ya mraba, kwa hiyo chumba hicho kitahitaji 12 hivi. Yafue, yakauke, yapeleke kwa fundi cherehani ayaunge kuwa shuka moja. Nunua waya wa kufungia nondo na misumari ya zege. Piga misumari kwenye kuta mbili zinazotazamana, kila baada ya sentimita 60, chini kidogo ya mbao za paa, kisha vuta waya kukatiza upande mfupi wa chumba. Kwa urefu wa mita 3.5 utapata waya 7. Ukuta wa bloku unapasuka ukipiga msumari karibu na kona ya tofali, lenga kwenye kiungo cha saruji. Tandaza shuka juu ya waya, pembeni lifike ukutani kabisa na likunjike chini sentimita 5, ulikaze kwa vipande vya mbao. Wengi wanaacha mwanya pembeni, na mwanya huo ndio unaorudisha baridi yote chini.

Usitumie nailoni badala ya sandarusi. Nailoni haipitishi unyevu, matone ya bati yanajikusanya juu yake hadi linaning'inia kama kiriba. Sandarusi imefumwa, unyevu unapita kidogo kidogo.

Angalizo kubwa: sandarusi inashika moto na inadondosha matone yanayowaka. Taa iwe ya LED, ining'inie sentimita 30 au zaidi chini ya shuka. Mshumaa, kibatari au jiko visiingie kabisa chumba hicho. Nyaya za umeme zenye viungo wazi juu ya dari, fundi azifunge kwanza.

Kwa mianya, kabla ya kutandaza hilo shuka la sandarusi, washa udi jioni yenye upepo, upitishe polepole kuzunguka fremu ya mlango, madirisha na mahali ukuta unapokutana na bati. Moshi ukilala upande mmoja, hapo panavuja. Mawimbi ya bati usiyazibe kwa saruji, bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku, saruji inapasuka. Kata vipande vya sponji ya godoro kuukuu, vinene kuliko tundu, uvisokomeze.

Mlango: kaza skrubu za bawaba kwanza, maana mlango ukiwa umelala mwanya wa chini hauko sawa. Kisha kata utepe wa tyubu ya pikipiki, upana sentimita 8, urefu wa mlango, uubane kwa ubao mwembamba upande wa ndani. Uguse sakafu nusu sentimita tu. Ukizidi, mlango unakuwa mgumu na raba inachanika ndani ya wiki chache.

Nako hazifungi hata ukizikaza, vioo vinakaliana tu. Tengeneza fremu ya mbao za inchi 1 kwa 1 inayoingia ndani ya dirisha, kaza nailoni nzito inayong'aa ya kununua kwa mita, acha sentimita 2 hadi 3 kati ya nailoni na vioo. Hapa nailoni ni sawa, na hewa iliyotulia katikati ndiyo kinga yenyewe. Weka vikomeo vidogo ili fremu itoke mchana.

Waya_Moshi

Naongezea hesabu ya umeme. Kwa tarifu (bei ya umeme) ya kawaida ya T1, 10,000 inakupa uniti 28 hivi, yaani uniti moja ni kama shilingi 357. Hita ya wati 2,000 ikiwaka kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku imekula uniti 8, takriban 2,850 kwa usiku mmoja, zaidi ya 85,000 kwa mwezi. Mkiwa kwenye D1, tarifu nafuu ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, hita peke yake inazimaliza kwa siku 10, na mkizidisha mara kwa mara mnaweza kuhamishiwa T1 nyumba nzima. Kwa LUKU ya kuchangia huo ni ugomvi wa uhakika.

Linganisha na chupa ya mpira ya maji moto. Kuchemsha lita moja na nusu kwa birika la umeme ni kama uniti 0.15, shilingi 50 na kitu. Chupa mbili kila usiku hazifiki 4,000 kwa mwezi. Mtu aliyelala hahitaji chumba chote kiwe cha moto, anahitaji kitanda kiwe cha moto.

Ukiamua baadaye kuwa na hita, chukua ya mafuta yenye mapezi badala ya ile ya waya mwekundu, hasa kwa kuwa kuna mtoto. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Wati 2,000 zinavuta karibu ampea 9, na ekstensheni nyingi za madukani zina waya mwembamba. Ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake inapata moto katikati na kuyeyuka. Plagi ukiishika baada ya nusu saa ikawa ya moto, zima, soketi imelegea.

Blanketi la umeme la mtumba usinunue hata likiuzwa bei ya maji. Nyaya za ndani zinakatika kwa kukunjwakunjwa, na huwezi kuziona.

Muuguzi_Tengeru

Mama Neema, hilo la mkaa mwekundu wengi wanaliamini na linaua watu kila msimu wa baridi. Moshi si kipimo. Mkaa uliokolea vizuri unatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Mkaa uliofunikwa majivu nao bado unatoa gesi hiyo. Kulitoa jiko kabla ya kulala hakusaidii kama gesi imeshajaa chumbani, na kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mkishaziba mianya kama fundi alivyoeleza, hatari inaongezeka mara nyingi.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea. Watu wanadhani ni malaria au mafua. Kinachoitofautisha ni kwamba wote mliomo ndani mnaumwa pamoja na mnapata nafuu mkitoka nje. Ikitokea, toeni watu nje mara moja na muende hospitali hata kama wamepata nafuu. Mtoto mchanga na mjamzito wanaathirika kwanza.

Shirika la Afya Duniani, mwongozo wake wa 2018, linataja nyuzi 18 kuwa joto salama la chini ndani ya nyumba msimu wa baridi. Usikate tamaa usipolifikia kwa alfajiri yote, la msingi ni bibi na mtoto wasilale kwenye baridi.

Mtoto: mvalishe nguo za tabaka, moja zaidi ya mtu mzima. Mpime joto kifuani au nyuma ya shingo, mikono na miguu ya mtoto huwa baridi hata akiwa sawa. Akiwa na jasho shingoni, punguza. Kofia ivuliwe wakati wa kulala ndani, na asiwe na blanketi zito linaloweza kumfunika uso. Chupa ya moto ipashe kitanda chake kisha itolewe kabla hajalazwa.

Bibi: mwenye sukari anaweza kuwa na ganzi miguuni, akaungua bila kujua. Chupa iwekwe kitandani dakika 20 kabla, aingiapo itolewe, avae soksi za sufu zisizobana. Maji yasiwe yanayotokota: zima birika, subiri dakika 5, jaza theluthi mbili, bonyeza hewa itoke, funga, igeuze kichwa chini uone kama inavuja, halafu ivishe taulo.

Mzee_Kibosho

Fundi amesema vizuri, ila naona mmekaza sana upande wa kuziba. Watu wakilala chumbani wanatoa mvuke usiku kucha. Mkiziba kila tundu, kuta zitalowa na baada ya wiki tatu mtaona fangasi nyeusi nyuma ya kabati, kisha mtoto aanze kukohoa. Katika kila chumba acheni tundu moja la hewa la juu, mbali na kitanda. Nepi zisianikwe ndani. Gesi ya kupikia isitumiwe kupasha chumba: kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji hewani, mbali na hewa chafu.

Na jua litumieni. Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama Meru ndilo lenye mwanga wakati huu, kama ambavyo huku Moshi ni la upande wa Kilimanjaro. Asubuhi mara nyingi ni mawingu. Jua likitokeza, toeni ile fremu, fungueni nako zote dakika 15 unyevu utoke, kisha fungeni vioo na mwache pazia wazi. Alasiri dirisha la magharibi linafuata. Ifikapo saa 11 jioni rudisheni fremu na mapazia, kwa sababu usiku hewa ya baridi inashuka kutoka huko huko mlimani.

MamaNeema_Ngaramtoni

Mzee, shikamoo. Fundi, dada muuguzi na ndugu wa umeme, asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho. Bibi analalamika baridi inatoka chini, godoro ni la inchi 4 juu ya chaga. Na mapazia, ninunue ya aina gani?

Mzee_Kibosho

Marahaba mama. Godoro la inchi 4 chini ya mtu mzima linabonyea, na baridi inapita kati ya mbao za chaga. Tandika maboksi yaliyofunguliwa juu ya chaga, safu mbili, kisha godoro, kisha blanketi moja zito chini ya shuka la kulalia. Blanketi la chini linamsaidia kuliko la tatu la juu. Maboksi yainue kila wiki uangalie unyevu, yakilowa badilisha. Sakafuni mbele ya kitanda weka boksi na zulia juu yake.

FundiDari_Sakina

Pazia chukua blanketi la mtumba, pale soko la Kilombero, Arusha, hukosi, ushone tundu za kupitishia bomba. Lizidi dirisha sentimita 15 kila upande na lifike sakafuni. Likiishia kwenye kizingiti, hewa iliyopozwa na kioo inamwagika kwa chini. Anza na chumba wanacholala mtoto na bibi, ukimaliza hicho ndipo uhesabu kilichobaki.