Fundi wa printa mnampa ulinzi wa biashara nzima, halafu mkidukuliwa mnamlaumu yeye!

Wakuu, leo nasema wazi maana nimechoka. Kazi yangu ni kuitwa biashara ikishadukuliwa. Nakuta mafaili yote yamefungwa, mdukuzi anadai fidia, mwenye biashara kachanganyikiwa. Nauliza nani anasimamia usalama hapa. Jibu ni lile lile: "yule kijana anayetutengenezea printa." Na kijana mwenyewe yupo pembeni anafokewa mbele za watu kwa kazi ambayo hakuwahi kusomea wala kulipwa hata senti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nikifika, mara nyingi kompyuta zimeshafomatiwa. Mnajua mmefuta nini? Kumbukumbu zote za nani aliingia, saa ngapi, kwa akaunti ya nani. Mlango aliopitia haujulikani tena, kwa hiyo uko wazi bado, na atarudi. Mtu mwenye ujuzi angezitenga mashine na mtandao kwanza bila kuzizima, kwa sababu kuna ushahidi unaokaa kwenye memori tu na umeme ukikatika unapotea. Angenakili diski, angebadilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, angekagua kama barua pepe za mhasibu zinatumwa kisirisiri kwa mtu wa nje. Usafi unakuja baada ya hapo.

Halafu ile kauli ya "sisi wadogo, nani atatutaka?" Jamani! Programu za wadukuzi zinazunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila mashine, hazikuulizi una wafanyakazi wangapi. WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, ilipolipuka Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka (sasisho la kuziba tundu hilo) tangu Machi. Miezi miwili! Ilihitajika tu mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kiraka kimewekwa.

Na udogo wenu ndio unaotafutwa, maana kupitia nyie wanawafikia wakubwa mnaowahudumia. Mwaka 2013 duka kubwa la Target huko Marekani liliibiwa taarifa za kadi milioni 40, na wezi waliingilia kwa nywila walizoiba kwa mkandarasi wake wa majokofu na viyoyozi. Code Spaces nao, kampuni iliyowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, 2014 mdukuzi aliingia kwenye akaunti yao ya seva za kukodi za Amazon akafuta data pamoja na sehemu kubwa ya bakapu (nakala za akiba), maana vyote vilikuwa ndani ya akaunti ile ile. Kampuni ikafungwa. Mtaalamu angeliona kosa hilo siku ya kwanza.

Msiniambie hela hakuna. Hamlazimiki kumwajiri mtaalamu wa usalama mwezi mzima. Mpeni mkataba wa saa chache kila mwezi: afunge akaunti za walioacha kazi, aweke uthibitisho wa hatua mbili, awafundishe watu wa malipo kupiga simu kuhakikisha kila wanapoletewa akaunti mpya ya benki kwa barua pepe.

Ila akaguliwe sifa. Cheti kama CISSP, cha kimataifa cha wataalamu wa usalama wa mifumo, kinataka miaka 5 ya uzoefu pamoja na mtihani, na unaweza kuwauliza waliokitoa kama ni cha kweli. Kisha mwambie arudishe faili moja kutoka kwenye bakapu zenu, nawe umesimama hapo hapo unaangalia. Akianza kutoa visingizio, tafuta mwingine.