Kung Fu Fighting: upande wa A au wa B? Nani mkweli hapa?

SikioLaTatu

Wakuu, habari za jioni. Nimekabidhiwa sanduku la santuri za marehemu baba mdogo, nizisafishe na kuziingiza kwenye kompyuta. Humo nimeikuta Kung Fu Fighting ya Carl Douglas, ile ndogo ya inchi 7, kampuni ya Pye, mwaka 1974.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Tangu nina akili zangu nasikia wajuzi wa muziki wakisema wimbo huu ulirekodiwa kujazia upande wa B tu, yaani ule wa nyuma ya wimbo mkuu (upande wa A). Lakini hii niliyoishika mkononi, upande wa A ndiyo Kung Fu Fighting yenyewe, na ukigeuza unakuta "Gamblin' Man". Ile stori ni ya vijiweni? Na huyu jamaa baada ya hapo alipotelea wapi? Mwenye data atiririke.

BesiYaNyuma

Mkuu, stori ni ya kweli na santuri yako nayo haidanganyi. Vuta kiti.

Carl Douglas ni Mjamaika aliyekuwa akiimba London. Prodyuza alikuwa Biddu, Mhindi wa Bangalore, naye akitafuta riziki hukohuko. Walikuwa wanafahamiana, maana Biddu alishamtumia kuimba kwenye muziki wa filamu. Mwaka 1974 wakaingia studio kurekodi wimbo wa mapenzi, "I Want to Give You My Everything", utunzi wa Larry Weiss, huyohuyo aliyeandika Rhinestone Cowboy. Huo ndio uliopangwa uwe upande wa A.

Enzi hizo London wapigaji wa studio walikodiwa kwa vipindi vya saa 3. Wimbo wa mapenzi ukala zaidi ya saa 2. Wakapumzika kidogo, kisha Biddu akamuuliza Carl kama ana mashairi yoyote ya kuweka upande wa pili. Carl akatoa machache aliyokuwa nayo, Biddu akachagua haya ya kung fu, akayatungia sauti palepale. Walirekodi kwa dakika 10, teki mbili (yaani waliupiga mara mbili tu), basi. Na kwa kuwa ulikuwa upande wa B, nani angesumbuka? Zile "hu!" na "ha!" unazozisikia walizitia chumvi makusudi, watu wanacheza tu.

Hapa ndipo santuri yako inapoingia. Biddu alipopeleka kazi Pye, Robin Blanchflower wa kampuni hiyo alisikiliza zote mbili, akang'ang'ania kwamba wa kung fu ndio utangulie. Kwa hiyo wimbo ulizaliwa B, lakini ulifika dukani ukiwa A. Ule wa mapenzi waliouhangaikia haupo hata mgongoni mwa santuri, kama ulivyojionea.

Mimi nimepiga besi kwenye bendi ya sherehe miaka 14, kwa hiyo dakika 10 hizo nazielewa vizuri kuliko chochote. Tuliwahi kuingia studio siku 2 kwa ajili ya wimbo wa "maana", violini vya kukodi na kila kitu. Saa ya mwisho, fundi mitambo ameshaanza kukunja nyaya, tukapiga upuuzi mmoja wa kuchekeshana. Mpiga dramu alikohoa katikati na kikohozi kikabaki humo. Ukumbini hakuna aliyewahi kuuomba ule wa violini. Wa kikohozi ndio unaombwa mara mbili usiku mmoja, na tulipojaribu kuurekodi upya "kwa usahihi", ulikufa. Ukijua unarekodi kitu kikubwa, mikono inakuwa mizito.

Turudi kwa Carl. Wiki 5 za mwanzo redio hazikuupiga. Walioubeba ni watu wa kumbi za disko. Agosti ukaingia kwenye chati ya Uingereza, Septemba ukakaa namba 1, na Desemba hiyohiyo ya 1974 ukawa namba 1 Marekani. Mauzo yanayotajwa siku zote ni nakala milioni 11. Bruce Lee alikuwa amefariki Julai 1973 na filamu zake zilikuwa zinajaza majumba ya sinema, kwa hiyo njaa ya kitu cha namna hiyo ilikuwepo tayari.

Halafu wakafanya kosa ambalo hata mimi ningelifanya: wakarudi na "Dance the Kung Fu". Safari hii walikuwa wanajua wanachokitafuta. Uingereza ukaishia namba 35, Marekani 48.

KinandaJioni

Mimi nafundisha watoto kinanda, naomba niongezee kijisehemu kimoja tu. Ile melodi fupi inayosikika mara wimbo unapoanza, ambayo kila mtu akiisikia anasema "Wachina hao", ina noti 9. Nne za kwanza ni noti ileile moja, mbili zinashuka hatua, mbili zinashuka tena, na ya tisa inapanda kidogo. Ukiwa na kinanda karibu, jaribu kwenye vitufe vyeusi vitupu, itakutokea.

Sasa kichekesho: si ya Kichina. Ilizaliwa kwenye majukwaa ya Magharibi karne ya 19, watu waliotaka kuonyesha "Uchina" kwa haraka wakajitungia alama yao. Wanafunzi wangu huwa hawaniamini. Binafsi naona huo ndio upande wa wimbo uliochakaa vibaya. Mdundo wa chini bado mtamu.

Mpinzani77

BesiYaNyuma umeeleza vizuri ila tusimwonee mzee wa watu. Wanaomwita "msanii wa kibao kimoja" wanapiga hesabu ya Marekani. Uingereza aliingia tena na "Run Back" mwaka 1977, ukafika namba 25. Wasanii wangapi humu ndani wana hata namba 25?

BesiYaNyuma

Mpinzani nakubali, hiyo nilikuwa nimeiruka. Lakini ukimtajia mtu "Run Back" leo, ataanza kukutazama usoni kama anakudai.

Mimi anayenivutia zaidi ni Biddu. Kibao kilekile kilichomganda Carl, Biddu alikitumia kama ngazi. Mwaka 1976 alimtoa Tina Charles na "I Love to Love", namba 1 Uingereza. Mwaka 1980 akamtengenezea Nazia Hassan, binti wa Kipakistani mwenye miaka 15, "Aap Jaisa Koi" kwa ajili ya filamu ya Kihindi ya Qurbani, na mwaka uliofuata albamu ya Disco Deewane. Wanaopenda muziki wa Kihindi humu wengi wamemcheza Biddu bila kumjua. Hakuna aliyemtaka apige tena "hu" na "ha", kwa sababu sura yake haikuwa kwenye jalada. Mwimbaji anatembea na wimbo wake usoni. Prodyuza anabadili sauti ya mtu mwingine na maisha yanaendelea. Mimi mpiga besi nakwambia, kusimama nyuma kuna raha yake.

SikioLaTatu

Asanteni sana wakuu, nimeelewa. KinandaJioni, nimejaribu vitufe vyeusi, jirani amegonga ukuta.

Nimetoka kuiosha sasa hivi kwa maji yaliyochujwa na kitambaa laini. Upande wa Kung Fu Fighting umekwaruzika hadi umekuwa wa kijivu, na sindano inaruka mara 2 kabla ya kufika kwenye kiitikio. Upande wa "Gamblin' Man" ni mweusi tii, unang'aa, najiona uso. Sidhani kama baba mdogo aliwahi kuigeuza.